Kisogo cha Mwezi

Hebu nikuulize, wewe uliyekaa hapo na macho yako mawili mazima: mtu wa tumbo moja na wewe akikuita gizani, kwa kunong'ona, mgongoni pako kabisa, na jicho lako liko mahali ulipoagizwa usilitoe hata paa likishika moto... utageuka?

Usinijibu haraka. Kwenye kiti kila mtu ni shujaa.

Dada ninayemsimulia alikuwa akiitwa Digrii. Jina la mtaani hilo, na usidhani ni la heshima. Alikuwa na shahada ya fizikia, daraja la kwanza, kwenye fremu ya chuma ambayo kaka yake aliichomelea kwa mabaki ya geti la mtu, na ilitundikwa juu ya jiko kwa kuwa msumari ulikuwa hapo. Akisahau chumvi dukani: "Ndiyo elimu hiyo?" Akijikwaa: "Na digrii yote ile!" Hata kuku wa jirani wakitaga nje ya banda watu walimgeukia yeye, kana kwamba hilo somo alilikwepa chuoni.

Kazi? Kazi ipi? Dear Applicant, we regret to inform you. Wao wana-regret, wewe unalala njaa. Kazi inataka uzoefu, uzoefu unataka kazi. Yai na kuku, na wewe hupati hata mchuzi.

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Mikono yake ilijaa madoa ya kuungua, kama mtu aliyemwagiwa nyota. Huyo ndiye aliyemsomesha, kwa mageti ya watu wengine na madirisha ya watu wengine, huku nyumba yao wenyewe ikifungwa kwa komeo la mti. Wala hakuwahi kumsimanga. "Mimi nachomwa na moto, wewe umechomwa na vitabu," alikuwa akimtania. "Tofauti yetu mimi nalipwa."

Sasa sikiliza jambo moja la karakana. Cheche, kabla hajagusisha kijiti chake na chuma, ilikuwa lazima apige kelele: "Macho!" Ukisikia "Macho!" unageuza uso. Hapo hapo. Hata kama umebeba sufuria ya uji wa moto. Ule mwanga ukikuingia, usiku kucha utalia kama umetiwa mchanga. Na huinui uso wako mpaka yeye mwenyewe aseme, "Tayari."

Digrii alikulia kwenye karakana ile. Kabla hajajua a, e, i, o, u, alilijua hilo. Halikukaa kichwani mwake. Lilikaa shingoni.

Likumbuke.

Kuna Taasisi moja. Siitaji, wenyewe wanajijua. Ina vioo, ina kiyoyozi, ina mlango unaojifungua wenyewe ukimwona mtu mwenye tai. Ilitoa tangazo: jioni fulani mwezi mchanga utapita mbele ya sayari ya Zuhura na kuifunika kabisa, kisha Zuhura itatokea upande wa pili. Wanatafutwa vijana wa kujitolea, wenye elimu, wa kupima saa ya kuingia na saa ya kutoka. Watakaofanya vizuri "watafikiriwa kwa ajira".

Watafikiriwa! Vijana tulivyo na njaa, neno moja kama hilo linatosha kutupandisha juu ya paa la jehanamu, na tukaenda tumepiga pasi.

Digrii alikuwa na darubini. Bomba la maji la plastiki, kioo alichokisugua mwenyewe mpaka vidole vikatoka malengelenge, na miguu mitatu ya chuma, kazi ya Cheche. Mratibu wa Taasisi akampigia simu. Sauti laini, ya mtu aliyeshiba.

"Utakuwa peke yako?"

"Ndiyo, bosi. Ninaweza."

"Hapana. Lazima muwe wawili. Mmoja atazame, mmoja asimame."

"Asimame afanye nini?"

Mratibu akakohoa.

"Asimame tu. Ndio utaratibu."

Mtu mwenye kazi angeuliza la pili. Asiye na kazi huitikia, "Sawa, bosi."

"Na jingine," Mratibu akasema. "Zuhura ikikaribia kuingia, usitoe jicho kwenye lenzi. Utakachosikia nyuma yako, kisikuhusu. Tunahitaji saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ukikosa moja, tumekukosa wewe."

Cheche alipoambiwa alicheka mpaka akafuta machozi. "Kusimama tu? Hiyo hata mimi nina digrii yake!"

Jioni hiyo akafunga karakana mapema. Mama yao alikuwa mlangoni, mikono imejaa majivu. "Nendeni mrudi. Nimewabandikia maji ya kuoga. Na wewe Cheche, vaa sweta."

"Mama, mimi mtu mzima."

"Kifua cha mtu mzima kinaugua vile vile. Vaa."

Akavaa. Sweta ya kijivu, imetoboka mgongoni kwa cheche za moto.

Wakalibeba bomba lile begani, dada mbele, kaka nyuma, limeviringishwa blanketi la mama. Kinyozi alikuwa anafagia nywele kizingitini. Mwenye duka anawasha taa. "Digrii! Bomba linakwenda wapi, maji yamekatika tena?"

"Tunaupelekea mwezi," Cheche akamjibu. "Huko nako wamekatiwa!"

Watu wakacheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho kusikika mtaani kwetu.

Jengo lenyewe lilikuwa maabara ya zamani ya Taasisi, nje kidogo ya mji, ghorofa tatu zisizo na mtu. Madirisha yamezibwa kwa mabati. Getini palikuwa na mlinzi na redio ndogo iliyokuwa ikikoroma bila kushika stesheni.

"Wawili?" akauliza, bila kuwatazama.

"Wawili," Cheche akasema. "Unaona watatu?"

Mlinzi hakucheka. "Hapa wakipanda wawili, wanashuka wawili. Sijawahi kukosea hesabu."

Wakapanda. Ngazi ilikuwa na vumbi laini kama unga, na Digrii akaona kuwa kulikuwa na nyayo za zamani za viatu kwenye vumbi lile. Nyayo za kupanda, za watu wawili. Na za kushuka, za watu wawili pia. Isipokuwa za mmoja, katika zile za kushuka, zilikwaruza ajabu, visigino mbele, kama mtu aliyeshuka ngazi kinyumenyume. Akataka kusema. Akaona atachelewa.

Paa lilikuwa bapa, la saruji, na tangi moja la maji la chuma limesimama katikati, tupu, refu kuliko mtu. Hakukuwa na kingine. Mahali pa kupandia palikuwa tundu moja tu sakafuni, na Digrii akaweka kigoda chake hapo hapo pembeni ya tundu, kwa sababu ndipo palipokuwa na ukingo wa kuegemezea darubini. Asingeweza kupanda mtu bila kumruka yeye.

Magharibi palibaki wekundu kidogo. Juu yake mwezi, mwembamba, kama ukucha uliokatwa. Na karibu nao, Zuhura.

"Basi ndiyo hiyo?" Cheche akasema. "Hiyo nyota tunaijua toka tukiwa wadogo. Mama alikuwa akisema tukiiona tuingie ndani."

"Sayari, kaka. Si nyota."

"Haya, Profesa. Mimi nasimama."

Akasogea nyuma. Akawa anapiga mluzi.

Kwenye lenzi Zuhura haikuwa nukta. Ilikuwa na pembe, mwezi mdogo sana mweupe. Na ule mwezi wenyewe, sehemu yake isiyoangaziwa ilionekana kidogo, duara kubwa la rangi ya majivu, likija polepole upande wa giza mbele. Halikuonekana kwenda. Ila kila ukipepesa, limeshasogea.

Mluzi ukakoma.

"Kaka, umewasha nini? Kunanuka baruti."

"Nilitaka kukuuliza wewe."

Harufu ikazidi. Baruti iliyokwisha kuwaka zamani, vumbi kavu, baridi. Digrii akaweka simu mkononi, kidole juu ya kitufe cha kupima saa.

"Digrii."

"Mm."

"Kuna mtu hapa."

"Mlinzi huyo."

"Mlinzi angepita kwako."

Kweli. Angemruka. Shingo ikamtaka ageuke. Kwenye lenzi duara la majivu lilikuwa limebakiza upana wa uzi.

"Anafanya nini?" akanong'ona.

"Amesimama kwenye tangi. Amenipa mgongo."

"Msalimie."

"Nimemsalimia..."

Upepo ulikuwa umetulia. Hata mbwa wa mbali walinyamaza.

"Nazunguka nimwone uso," Cheche akasema. Nyayo zake zikakwaruza saruji, taratibu, zikatoka kulia zikaenda kushoto. Zikasimama. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Bado amenipa mgongo."

"Basi amegeuka."

"Hajageuka, Digrii. Namtazama miguu. Haijasogea."

"Kaka, usinitanie. Leo usinitanie."

"Nimemzunguka mzima. Mgongo. Mgongo. Mgongo. Njoo umwone, mdogo wangu, geuka kidogo tu."

Na hapa ndipo nilipokuuliza swali langu pale mwanzo.

Digrii aliwaza nini? Nitakwambia, maana alinieleza mwenyewe, akitazama sakafu. Aliwaza fremu ile juu ya jiko. Aliwaza yale madoa mikononi mwa kaka yake, kwamba kila doa ni muhula mmoja wa chuo. Aliwaza kuwa kama leo angekosa, Cheche angechoma vyuma mpaka apofuke, na yeye angeendelea kula jasho la mtu na kuitwa kwa jina la kuchekwa. Pembe ya Zuhura ilikuwa imeshagusana na giza.

"Bado," akasema. "Please, kaka. Inaingia sasa hivi. Kidogo tu."

Cheche akajibu kwa upole, ule upole wa kumwambia mtoto alale:

"Haya. Tazama yako, mdogo wangu. Mimi si nimesimama?"

Zuhura ikaanza kuliwa.

"Anageuka," Cheche akanong'ona.

"Nani?"

"Digrii... anageuka. Ana uso wa..."

Hakumaliza. Akapiga kelele, ile kelele ya karakana, kwa kifua chote:

"MACHO!"

Na shingo ya Digrii ikatii.

Hakuiamuru yeye. Ilitii yenyewe, kama ilivyotii tangu utotoni. Jicho moja likajibana kwenye lenzi, la pili likafumba, uso ukazikwa kwenye bomba. Nyuma yake kukawa na mwanga. Aliujua kwa ngozi ya ukosi wake, maana macho hayakuelekea huko. Mwanga mweupe usio na joto. Mwanga wa baridi, uliomlamba shingo na masikio, ukakaa.

Mbele yake, ndani ya lenzi, Zuhura ikamezwa. Nyota ikifunikwa na mwezi hukatika ghafla, pap. Sayari haiko hivyo. Sayari hunywewa. Ilipungua ikawa uzi, ikawa chembe... Na ile sauti ya kaka yake, lile neno lililokuwa bado linalia hewani, lilipungua nalo vile vile, pole pole, kama mtu anayepelekwa nyuma ya ukuta mrefu.

Aaa... cho...

Giza.

Kidole chake kikabonyeza kitufe. Laana ya elimu hiyo. Dunia inabomoka mgongoni, kidole kinapima saa.

Akangoja "Tayari."

Akangoja.

Akangoja, uso umejificha, kama mtoto wa karakana, mpaka machozi yakajaza lenzi.

Hakuna aliyesema tayari.

Alipogeuka paa lilikuwa tupu.

Akazunguka tangi. Akalipiga ngumi, likalia utupu. Akachungulia kila ukingo, chini hakuna kitu ila mabati na majani. Akaita, "Kaka! Cheche!", sauti ikatoka, haikurudi hata mwangwi. Akashuka ngazi mbio, akamkuta mlinzi amekaa vile vile na redio yake.

"Kaka yangu! Ameshuka?"

"Hajashuka mtu."

"Basi amekufa! Ameanguka! Njoo na tochi, baba, nakuomba kwa jina la Mungu!"

Mlinzi akapunguza sauti ya redio. Kwa mara ya kwanza akamtazama. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka zamani sana.

"Rudi juu, dada. Asipokukuta pale ulipokuwa, atashuka peke yake. Na akishuka peke yake, ndio balaa."

"Atashuka kutoka wapi? Hayupo!"

"Mimi nalinda geti," akasema. "Paa si langu."

Simu ikalia mkononi mwa Digrii. Mratibu.

"Kuingia tumekupata, vizuri sana. Mbona umeacha darubini? Bado kutoka."

"Kaka yangu hayupo! Mmemfanya nini kaka yangu?"

Upande wa pili palisikika kikombe kikiwekwa juu ya kisahani.

"Kinachoingia hutoka," Mratibu akasema. "Ndiyo kazi yetu hii tangu zamani. Rudi kwenye lenzi."

Angefanya nini, niambie? Angekimbilia wapi? Polisi aende akaseme mwezi umemchukua mtu? Alirudi juu. Alipanda ngazi zile akilia kwa sauti, kama mtu anayejipeleka mwenyewe kuchinjwa, akakaa kwenye kigoda, akaweka jicho. Mwezi ulikuwa umeshuka, umekuwa wa manjano, mnene kama kitu kilichokula.

Ukapita muda ambao hakuna saa ya kuupima.

Kisha kwenye ukingo wa mwezi, upande ule unaong'aa, ikatokeza chembe. Ikavimba. Zuhura.

Kidole kikabonyeza.

Nyuma yake nyayo zikakwaruza saruji. Harufu ya baruti. Akageuka upesi, na kaka yake alikuwa anatoka nyuma ya tangi, upande wa pili, amevaa sweta ya kijivu.

Digrii alimkimbilia, akamrukia shingoni, akalia kifuani pake kama mwehu. Kifua kilikuwa baridi. Hakikunuka chuma, wala jasho, wala moshi.

"Ulikuwa wapi? Kaka! Ulikuwa wapi?"

Cheche akamwita kwa jina. Si Digrii, si mdogo wangu. Jina lile la kwenye cheti, lote, la kwake na la baba na la babu, kama anayesoma tangazo ukutani.

"Twende nyumbani," akasema.

Digrii akafunga darubini. Akangoja Cheche atangulie. Cheche akangoja pia. Amesimama, anamtazama, anatabasamu kidogo.

"Tangulia kaka."

"Tangulia wewe."

Wakashuka hivyo. Digrii mbele, bomba amelibeba peke yake. Getini mlinzi akawasha tochi, akaielekeza kwa Digrii, kisha kabla mwanga haujamfikia aliyekuwa nyuma, akaizima.

"Wawili," akasema kama anayejiambia mwenyewe. "Wameshuka wawili."

Nyumbani maji ya kuoga yalikuwa bado yana moto. Cheche hakuoga. Mama akamwambia, "Mwanangu, mbona umekuwa baridi hivi, njoo hapa," akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akampapasa kichwa kama afanyavyo mama yeyote. Mkono wake ukazunguka nyuma, kwenye kisogo.

Mama akapiga ukelele mfupi. Akauvuta mkono. Akauficha kwenye kanga.

"Nini, mama?"

Hakujibu siku hiyo. Alijibu baadaye, na alisema maneno mawili tu: "Mkono ulizama." Tangu hapo mkono ule hauhisi moto. Anaweza kuushika mkaa unaowaka. Anaushika, anautazama, analia.

Ndipo Digrii akaanza kumchunguza kaka yake, na ndipo akaona kitu ambacho wewe na mimi tungekiona siku ya kwanza kama tusingekuwa tunaogopa. Tangu arudi, hakuna aliyemwona mgongo. Hakuna. Akiingia chumbani huingia kwa uso. Akitoka hutoka kinyumenyume, polepole, akiwatazama, bila kujikwaa. Akikaa huegemea ukuta. Ukimzunguka... usimzunguke. Digrii alijaribu mara moja, pale uani, mchana kweupe, akijifanya anaanika nguo. Alimzunguka mzima. Uso. Uso. Uso. Na miguu haikusogea.

Unajua mwezi, ndugu yangu? Hata ambaye hakusoma anaujua. Tangu dunia iumbwe umetupa uso mmoja tu. Kisogo chake hajawahi kukiona mtu yeyote aliyesimama hapa chini. Digrii alilifanyia hilo mtihani, akapata maksi zote. Sasa analo sebuleni.

Karakana ameifungua, usidhani. Anafanya kazi kuliko zamani. Anachoma bila kofia ya chuma, bila miwani, anautazama ule mwanga kwa macho makavu, yasiyopepesa. Wala hasemi "Macho!" Wateja wameumia, jirani mmoja alilala siku nzima na viazi vilivyokatwa juu ya kope. Wakija kulalamika anawatazama, na wao wanakumbuka ghafla kuwa wameacha jiko linawaka nyumbani.

Digrii alikwenda polisi. Nilimsindikiza.

"Kaka yako amepotea?"

"Ndiyo, afande."

"Lini alionekana mara ya mwisho?"

"Asubuhi hii. Yuko nyumbani."

Afande akaweka kalamu chini. "Dada, una elimu gani?"

Walicheka mpaka mahabusu nao wakacheka.

Alikwenda Taasisi. Mlango haukujifungua, hana tai. Msichana wa mapokezi akamwambia kupitia kioo: lete ushahidi. Ushahidi upi? Wao wanasema: mtu wenu mlimleta mzima, akashuka mzima, hesabu ya geti inaonyesha wawili. Pungufu liko wapi? Akakaa kwenye ngazi za jengo lile mpaka jioni, akaondolewa kama mfuko wa takataka.

Wiki iliyofuata akapata ujumbe. Congratulations! Umefikiriwa. Vipimo vyako vya kuingia na kutoka ni bora kuliko vyote. Umeajiriwa kuwa Msaidizi wa Mratibu. Kazi ya kwanza: kuwatafuta vijana wa kujitolea kwa kupatwa kwa Zuhura kunakofuata. Wenye elimu. Wasio na kazi. Wawe wawili wawili, na ikiwezekana, mmoja awe anampenda mwenzake.

Nenda kasome tena hapo mwisho. Ikiwezekana.

Ujumbe ule bado uko kwenye simu yake. Hakuujibu, wala hakuufuta. Simlaumu. Wewe ukitaka mlaumu, wewe mwenye mshahara.

Jana jioni alinipeleka kwao. Magharibi palikuwa na wekundu kidogo. Cheche alikuwa sebuleni ameegemea ukuta, uso mlangoni, anatabasamu. Hatukuingia. Digrii alinivuta mkono tukazunguka nje, nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro wa maji machafu, mpaka mahali ambapo upande wa pili wa ukuta palikuwa na kisogo chake.

"Weka sikio," akanong'ona.

Nikaweka.

Mwanzo sikusikia kitu. Matofali tu, baridi kuliko yanavyopaswa kuwa. Kisha... mbali, mbali mno, kama mtu aliye chini ya kisima kisicho na mwisho, mtu aliyechoka, koo limepasuka, lakini hajaacha. Mtu anayempigia kelele mdogo wake asigeuke.

"Macho! Digrii, macho... macho..."

Digrii alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa umeelekezwa kando, shingo imekakamaa, hivyo hivyo kama mtoto wa karakana anayengoja.

"Kila jioni nakuja," akasema. "Siku atakayosema tayari, nitageuka."

Hajasema.

Basi nyinyi wa Taasisi, mlio nyuma ya vioo, na wewe Mratibu na kikombe chako: kazi yenu hatuitaki, wala pole zenu. Mwezi mmeupimia kila jambo, mnajua Zuhura iliingia lini na ikatoka lini, mpaka kupepesa kwa jicho. Mlitufundisha wenyewe kuwa kinachoingia hutoka. Tunasimama mlangoni penu, na safari hii hatuondoki hata mkizima taa. Fungueni hesabu zenu mtuambie.

Cheche anatoka lini?